Kutoka Kizimbani hadi Meza ya Fidia: Wakili wa Utetezi katika Ukanda wa Almasi na Dhahabu

Historia ya uwakili wa utetezi katika ukanda unaoanzia Mwadui na Maganzo, ukapita Kahama na kufika Geita, haiwezi kuandikwa kama historia ya mahakama peke yake, kwa sababu katika ukanda huo watu waliofikishwa kizimbani mara nyingi ndio haohao waliokuwa na madai ya kudhulumiwa. Wakili aliyeanza kwa kumtetea mmoja wao dhidi ya shtaka la jinai alijikuta, kabla faili halijafungwa, akiuliza ni nani atakayelipia jeraha la risasi, shimo lililofukiwa au shamba lililochukuliwa. Swali la kwanza ni la sheria ya jinai, nalo huutaka upande wa mashtaka uthibitishe kosa pasipo kuacha shaka ya msingi. La pili sheria ya jinai hailijibu, au hulijibu kwa sauti ndogo mno.

Maneno matatu yanahitaji kuelezwa mapema. Wakili wa utetezi ni yule anayesimama upande wa mshtakiwa, awe amelipwa na mteja wake au na serikali. Mashauri ya maslahi ya umma ni yale yanayofunguliwa au kutetewa si kwa faida ya mtu mmoja tu, bali kwa kuwa uamuzi wake utagusa haki za watu wengi ambao hawana uwezo wa kufika mahakamani. Haki rejeshi ni utaratibu wa kushughulikia uovu ambao kipimo chake si miaka ya kifungo, bali kiasi ambacho aliyetenda, aliyetendewa na jamii yao wamekubaliana kuhusu kilichotokea, kilichoharibika na namna ya kukitengeneza. Katiba ya Tanzania yenyewe, kupitia Ibara ya 107A iliyoingizwa na marekebisho ya mwaka 2000, inazitaka mahakama zitoe fidia ipasayo kwa watu waliodhurika na makosa ya wengine na zikuze usuluhishi wa migogoro. Hata hivyo, kama itakavyoonekana, katika ukanda huu fidia ilipatikana pale tu ambapo nyuma ya mazungumzo palikuwa na mahakama yenye uwezo wa kumlazimisha mdaiwa. Pasipokuwa na mahakama ya namna hiyo, kilichoitwa suluhu kiligeuka kuwa hisani ya mwenye nguvu.

Maganzo ni mji mdogo wa Wilaya ya Kishapu, kando ya barabara kuu ya Shinyanga na Mwanza, na umekua kwa sababu ya jirani yake. Mwaka 1940 mwanajiolojia wa Kanada, John Williamson, aligundua huko Mwadui mwamba wa almasi ambao ni miongoni mwa mikubwa zaidi duniani kwa eneo la uso wake, na katika miaka iliyofuata mgodi ukawa mji uliozungukwa na uzio, wenye hospitali, shule na walinzi wake. Williamson alifariki mwaka 1958, kisha umiliki ukagawanywa kati ya serikali ya kikoloni na kampuni ya De Beers. Baada ya uhuru serikali iliushika mgodi kwa muda mrefu, De Beers wakarudi katika miaka ya 1990, na mwaka 2009 kampuni ya Petra Diamonds ikanunua asilimia 75 ya hisa huku asilimia 25 zikibaki kwa serikali. Wamiliki walibadilika, lakini jambo moja liliendelea: sheria zilizotungwa kulinda almasi zilifanya kuwa kosa la jinai kupatikana na jiwe ghafi bila leseni au kuingia eneo lililohifadhiwa bila kibali, kwa hiyo kijana aliyezaliwa nje ya uzio alikuwa mtuhumiwa mtarajiwa tangu siku aliyojua kushika chekeche. Wenyeji huwaita vijana wanaoingia usiku kuchekecha mchanga wa mgodi wabeshi, na jina hilo hutamkwa bila aibu kubwa, kwa kuwa mji mzima unajua ni mawe ya nani yanayoendesha sehemu ya biashara yake.

Kabla ya sheria hizo, na kwa muda mrefu sambamba nazo, Wasukuma walikuwa na mabaraza yao. Dagashida, mkutano wa wanakijiji unaokaa chini ya mti kutunga na kusimamia kanuni za mahali, ulishughulikia wizi, ugomvi wa mipaka, uharibifu wa mazao na hata ukataji wa miti katika ngitili, yaani maeneo ya malisho yaliyohifadhiwa kwa ajili ya kiangazi. Adhabu zake zilikuwa za kulipa: ng'ombe, mbuzi, au chakula cha kuwakirimu waliohudhuria, na kwa aliyekaidi, kutengwa, hali ambayo ndani yake jirani hampi moto, hamsaidii kuzika wala hamsalimu. Mara kwa mara waandishi wa haki rejeshi huyasifu mabaraza kama haya kana kwamba yalikuwa paradiso ya maridhiano. Ukweli ni mgumu zaidi, kwa kuwa fidia ilipangwa na wazee wanaume, na mjane aliyetuhumiwa uchawi hakuwa na mtu wa kumsemea katika mkutano ambao waliomtuhumu ndio walioujaza. Hapo ndipo pengo la wakili linapoonekana kwanza: katika mfumo wa kimila mshtakiwa hakuwa na mtetezi, na mfumo wa kikoloni uliokuja juu yake haukumpa mmoja. Mahakama za wenyeji ziliwafungia mawakili mlango, katazo hilo likarithiwa na mahakama za mwanzo baada ya uhuru, na halikulegezwa mpaka marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, yaliyowaruhusu mawakili kufika mbele ya mahakama za mwanzo zinazoongozwa na hakimu mkazi. Mwaka huohuo Kiswahili kilifanywa kuwa lugha ya mahakama na sheria, hatua iliyochelewa kwa miaka sitini.

Matokeo ya kumwacha mtuhumiwa bila mtetezi yalionekana kwa ukatili mwaka 1976, wakati maofisa wa polisi na usalama walipowakamata watu wengi katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga kwa tuhuma za mauaji yaliyohusishwa na uchawi, wakawatesa ili wakiri, na baadhi yao wakafia mikononi mwa waliowahoji. Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa kuwajibika kisiasa, ingawa hakushiriki katika mateso hayo, na baadhi ya maofisa walifikishwa mahakamani na kutiwa hatiani. Tukio hilo hukumbukwa zaidi kama mfano wa kiongozi aliyewajibika, na Mwinyi aliyekuja kuwa Rais mwaka 1985 alisifiwa kwalo hadi kifo chake mwaka 2024. Kwa historia ya uwakili, hata hivyo, lina maana nyingine: dola ilikiri kwamba maungamo yaliyopatikana kizuizini Shinyanga yangeweza kuwa ya uongo, na tangu hapo wakili wa utetezi anayepinga maelezo ya kukiri yaliyoandikwa polisi ana historia ya kumuunga mkono.

Miaka sita baadaye, mwaka 1982, wanavijiji wa mpakani mwa Kahama na Nzega, waliochoshwa na wizi wa ng'ombe na polisi waliofika siku tatu baada ya yowe, waliunda vikundi vya ulinzi vilivyojulikana kama Sungusungu au Basalama. Vilienea Usukuma na Unyamwezi kwa kasi ambayo serikali haikuitarajia, vikiwa na pinde, filimbi, viongozi wa kuchaguliwa na mahakama zao za kijiji, na adhabu kuu ikawa ileile ya dagashida, yaani faini na kutengwa. Mwalimu Nyerere na chama tawala waliviunga mkono, na mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria za mgambo ili kuvipa uwezo wa kukamata. Wanasheria waligawanyika. Wengine waliona katika Sungusungu haki iliyorudishwa kwa wenye nayo. Wengine, hasa waliotetea watu waliopigwa au kufukuzwa vijijini kwa tuhuma za uchawi, waliona hukumu bila utetezi. Pande zote mbili zilikuwa na ushahidi, na mjadala huo haujaisha, kwa kuwa Sungusungu bado ipo na katika vijiji vingi bado hufika kabla ya polisi.

Upande wa mahakama rasmi, mshtakiwa wa kosa la mauaji alikuwa na haki ya kupewa wakili kwa gharama ya serikali chini ya sheria ya mwaka 1969 ya msaada wa kisheria katika mashauri ya jinai. Malipo yalikuwa madogo kiasi kwamba wakili mwenye shughuli nyingi aliyachukulia kama wajibu wa kijamii, na mara nyingi alikutana na mteja wake asubuhi ya kikao, wakati wazee wa baraza, yaani washauri waliokaa na jaji, wameshaingia. Aliyeshtakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, kosa ambalo adhabu yake ni kifungo cha miaka 30, hakuwa na uhakika wa kupewa wakili hata huyo. Ilichukua hukumu ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, katika shauri la Alex Thomas dhidi ya Tanzania la tarehe 20 Novemba 2015, kutamka kwamba kumwacha mshtakiwa wa namna hiyo ajitetee peke yake ni uvunjaji wa haki ya kusikilizwa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ilipanua huduma hiyo na kuwatambua wasaidizi wa kisheria, watu wasio mawakili waliopewa mafunzo ya sheria za msingi ili wawashauri wananchi na kuwaelekeza panapostahili. Shinyanga ilikuwa na watu wa aina hiyo kabla ya sheria kuwatambua, na ni wao, si mawakili wa mjini, waliokuwa wakikutana kila wiki na wajane waliofukuzwa na mashemeji.

Mashauri ya mauaji ya watu wenye ualbino yaliwaweka mawakili wa utetezi katika mtihani mwingine. Septemba 2009 Mahakama Kuu ikiketi Kahama iliwahukumu kunyongwa wanaume watatu kwa kumuua kijana mwenye ualbino kutoka Bukombe, hukumu ya kwanza ya aina yake nchini. Hasira ya umma ilikuwa ya haki, lakini kazi ya utetezi ikawa ya upweke, kwa kuwa wakili aliyesimama upande wa washtakiwa alionekana kusimama upande wa waganga na wanunuzi wa viungo. Adhabu ya kifo kwa mauaji ni ya lazima, haimwachii jaji nafasi ya kupima, na hivyo hakuna mahali ambapo familia ya marehemu na aliyetenda wangeweza kuulizwa kuhusu kingine chochote. Jaji James Mwalusanya alikuwa ameitangaza adhabu hiyo kuwa kinyume cha Katiba mwaka 1994 katika shauri la Mbushuu. Mahakama ya Rufani ilikubali mwaka uliofuata kwamba ni adhabu ya kikatili na ya kudhalilisha, kisha ikasema kwamba Katiba yenyewe inairuhusu kwa maslahi ya umma. Mwaka 2019 Mahakama ya Arusha iliamua, katika shauri la Ally Rajabu, kwamba ulazima wa adhabu hiyo unakiuka haki ya kuishi, na mwezi huohuo Tanzania ikaondoa tamko lililowaruhusu raia na asasi kuishtaki moja kwa moja katika mahakama hiyo. Mlango wa Arusha ulifungwa hivyo kwa wafungwa ambao ndio waliokuwa wateja wake wakuu.

Bulyanhulu ndipo aina mpya ya wakili ilipozaliwa. Machimbo hayo yalikuwa wakati huo katika Wilaya ya Kahama, Mkoa wa Shinyanga, na tangu katikati ya miaka ya 1970 wachimbaji wadogo walikuwa wakichimba maduara, yaani mashimo ya wima yanayofuata mkanda wa dhahabu, hadi makazi yao yakawa na makumi ya maelfu ya watu hata kwa makadirio ya chini. Serikali iliipa leseni kampuni ya Kahama Mining, tanzu ya Sutton Resources ya Kanada, na mgogoro ukafika Mahakama Kuu Tabora. Kampuni haikupata huko amri ya kuwaondoa wachimbaji. Hata hivyo, mwishoni mwa Julai 1996 serikali iliwaamuru waondoke, na ingawa mahakama ilitoa zuio mwanzoni mwa Agosti, polisi na mitambo viliendelea na kazi na maduara yakafukiwa. Wachimbaji wenzao na ndugu walidai kwamba zaidi ya watu 50 walifukiwa wakiwa hai. Serikali na kampuni zilikana, zikasema hakuna aliyekufa kwa namna hiyo. Mwaka 1999 Barrick Gold ilinunua Sutton, na Julai 2001 Rais Benjamin Mkapa alifungua mgodi mpya wa chini ya ardhi uliokuwa na bima ya uwekezaji kutoka MIGA, shirika la Kundi la Benki ya Dunia linalowakinga wawekezaji dhidi ya hatari za kisiasa.

Timu ya Wanasheria Watetezi wa Mazingira, inayojulikana zaidi kwa kifupi chake LEAT, ilikuwa imeanzishwa mwaka 1994 na wanasheria vijana waliosoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwao Rugemeleza Nshala. Tundu Lissu, aliyezaliwa mwaka 1968 Singida na kusoma sheria chuoni hapo kabla ya kwenda Warwick nchini Uingereza, alijiunga nayo mwaka 1999. Walichokifanya kuhusu Bulyanhulu hakikufanana na kazi ya kawaida ya wakili. Hawakuwa na mshtakiwa wa kumtetea, kwa sababu hakuna aliyeshtakiwa. Hawakuwa na shauri la fidia lililo tayari, kwa sababu mashahidi walikuwa wametawanyika Geita, Kahama na Mererani. Walikwenda vijijini kukusanya maelezo ya ndugu, wakachukua nyaraka za shauri la Tabora, wakatafuta picha za video zilizopigwa wakati wa kufukua miili, na wakadai kitu kimoja tu, uchunguzi huru wa kimahakama. Madai hayo ni ya haki rejeshi ingawa hawakuyaita hivyo: kwa wazazi wasio na kaburi, ukweli ni sehemu ya kwanza ya fidia.

Jibu la dola lilikuwa la jinai. Novemba 2001 polisi walipekua ofisi ya LEAT, wakamkamata Nshala pamoja na mwanasiasa wa upinzani Augustine Mrema, aliyekuwa ameonyesha video hizo kwa waandishi wa habari, na mwaka 2002 Nshala, Mrema na Lissu walishtakiwa kwa uchochezi, kosa la kutoa maneno yanayokusudiwa kuwafanya wananchi waichukie serikali. Ujumbe wa kimataifa uliokuja Machi 2002 kuchunguza ulizuiwa kufika Bulyanhulu. LEAT walikuwa pia wamepeleka malalamiko kwa Ofisi ya Mshauri na Msuluhishi inayosimamia uzingatiaji wa kanuni za MIGA, nayo katika ripoti yake ya Oktoba 2002 ikasema haikuona msingi wa madai ya mauaji. LEAT waliikataa ripoti hiyo kwa hoja kwamba waliohojiwa na muda uliotumika havikutosha. Uchunguzi wa kimahakama haukufanyika, na fidia haikulipwa. Mawakili waliotaka kuwasemea wachimbaji wakawa wao wenyewe wanahitaji wakili wa utetezi, na jambo hilo liliifundisha taaluma nzima zaidi kuliko semina yoyote: katika ukanda wa madini, mpaka kati ya meza ya wakili na kizimba ni mwembamba.

Maisha ya Lissu baada ya hapo yanajulikana zaidi kwa siasa, kwani alikuwa mbunge wa Singida Mashariki kuanzia 2010, akachaguliwa kuwa rais wa Chama cha Mawakili Tanganyika Machi 2017, na Septemba mwaka huo akapigwa risasi nyingi Dodoma. Uti wa mgongo wa kazi yake, hata hivyo, ulibaki ule uliotengenezwa Kahama. Mei 2011, polisi walipowaua kwa risasi watu wasiopungua watano katika mgodi wa North Mara, Tarime, alikwenda kusimama na familia zilizodai uchunguzi wa miili kabla ya mazishi, akakamatwa. Aprili 2025 alishtakiwa kwa uhaini, kosa lisilo na dhamana, na miezi miwili baadaye aliamua kujitetea mwenyewe mbele ya mahakama. Nshala naye aliongoza Chama cha Mawakili kuanzia 2019 hadi 2021. Viongozi wawili wa chama cha mawakili waliopitia shtaka moja la uchochezi lililotokana na mgodi mmoja ni jambo ambalo mwanahistoria wa sheria hatakiwi kulipita haraka.

Somo la kitaalamu la Bulyanhulu lilikuwa kwamba mlango wa ndani ukifungwa, mlango wa nje hutafutwa. Kuanzia 2013 wakazi wa vijiji vya North Mara walifungua madai London dhidi ya African Barrick Gold na kampuni yake tanzu iliyoendesha mgodi huo, na mwaka 2015 yakamalizwa nje ya mahakama kwa masharti ya siri. Msingi wa madai kama hayo ni dhana ya wajibu wa kampuni mama, kwamba kampuni iliyosajiliwa au kuendeshwa kutoka nchi nyingine inaweza kuwajibika kwa madhara ya tanzu yake ikiwa ilishiriki kusimamia shughuli zilizosababisha madhara hayo. Mahakama ya Juu ya Uingereza iliipa dhana hiyo nguvu mwaka 2019 katika shauri la wanavijiji wa Zambia dhidi ya Vedanta, na tena Februari 2021 katika shauri la Wanigeria dhidi ya Shell.

Zamu ya Maganzo ilifika katikati ya maamuzi hayo mawili. Mwaka 2020 kampuni ya mawakili ya Leigh Day ilifungua madai katika Mahakama Kuu ya London dhidi ya Petra Diamonds na kampuni inayoendesha mgodi wa Mwadui, kwa niaba ya watu waliosema walipigwa risasi, kupigwa au kuzuiliwa na walinzi wa mgodi na polisi, na kwa niaba ya familia za waliokufa. Wateja walikuwa wabeshi na wasiokuwa wabeshi: wachungaji waliofuata ng'ombe, wanawake waliotafuta kuni, vijana waliokamatwa wakipita. Novemba 2020 shirika la RAID la Uingereza lilitoa ripoti iliyodai vifo visivyopungua 7 na mashambulizi yasiyopungua 41 tangu Petra ilipouchukua mgodi, pamoja na watu kufungiwa katika chumba kichafu mgodini na majeruhi kufungwa pingu kwenye vitanda vya hospitali. Uwakili wenyewe uliwezekana kwa mpango ambao mlalamikaji hulipa ada ya wakili pale tu anaposhinda, mpango ambao mkazi wa Kishapu hana mahali pa kuupata nyumbani kwa shauri la ukubwa huo.

Petra haikusubiri hukumu. Kamati ya bodi yake ilichunguza, ikakiri kwamba matukio ya vifo, majeraha na kutendewa vibaya kwa wachimbaji haramu yalitokea, na mkandarasi wa ulinzi akabadilishwa. Tarehe 12 Mei 2021 yalitangazwa makubaliano ya jumla ya pauni milioni 4.3 na walalamikaji 71 ambao majina yao yamehifadhiwa, bila kampuni kukubali dhima kisheria, kiasi hicho kikijumuisha fidia, mchango wa gharama za mawakili na fedha za miradi ya jamii. Kwa mtu anayeijua Bulyanhulu, tofauti ni kubwa: kule madai yaliishia kwenye shtaka la uchochezi, hapa, ndani ya takriban mwaka mmoja, kampuni ilikaa mezani. Ushahidi wa Maganzo ulikuwa mpya na majeruhi walikuwa hai kuuonyesha, lakini kilichobadilika zaidi ni kuwapo kwa jaji wa London ambaye angeweza kuagiza nyaraka za ndani za kampuni zitolewe.

Sehemu ya pili ya makubaliano ndiyo inayoigusa haki rejeshi moja kwa moja. Kampuni iliahidi utaratibu huru wa malalamiko kwa ajili ya watu ambao hawakuwa miongoni mwa wale 71, unaosimamiwa na jopo la wataalamu wa Kitanzania wanaofuata misingi ya sheria za Tanzania, na kila mlalamikaji awe na haki ya kushauriwa bure na mawakili wa ndani wasio wa kampuni. Vilevile ilianzisha miradi iliyoitwa kwa jina hilohilo, miradi ya haki rejeshi, iliyogusa upatikanaji wa kuni na miti ya dawa, kampeni dhidi ya ukatili wa kijinsia, kilimo cha biashara na mpango wa uchimbaji mdogo. Mpango huu wa mwisho unastahili kuangaliwa kwa makini kuliko mingine, kwa sababu unakubali kimyakimya jambo ambalo sheria za almasi zililikana kwa miongo minane, kwamba mbeshi ni mchimbaji asiye na eneo.

Kwa wakili wa Kitanzania anayeketi na mlalamikaji katika utaratibu huo, kazi ni ngeni na ya zamani kwa wakati mmoja. Yeye hamtetei mteja dhidi ya kifungo, bali anamsaidia kueleza usiku mmoja wa miaka kadhaa iliyopita, kutafuta kadi ya hospitali, kumpata aliyemwona akibebwa, na kupima kama kiasi kinachopendekezwa kinalingana na mkono usiofanya kazi tena. Anamkaribia zaidi mzungumzaji wa baraza kuliko mwanasheria wa kizimbani. Lakini udhaifu wa baraza nao unamfuata: utaratibu umeundwa na kugharamiwa na upande unaolalamikiwa, maamuzi yake ni ya siri na hayawi nguzo ya kisheria ambayo mlalamikaji wa Geita au Tarime angeitumia, na askari polisi walioshiriki katika baadhi ya matukio hawamo katika mamlaka yake, kwa kuwa ni watumishi wa dola na si wa kampuni. Uhuru wa mawakili wanaoshauri unategemea mkataba, si kiapo pekee. Hayo hayaufanyi utaratibu kuwa usio na maana. Yanaeleza kwa nini asasi zilizofungua njia yake ziliendelea kuuchunguza baada ya kuanza.

Novemba 2022 ukingo wa bwawa la tope la mgodi ulibomoka, na maji yenye matope yakafunika nyumba na mashamba ya vijiji vya jirani bila kuripotiwa kifo. Fidia ya mashamba hayo iligawanywa kwa tathmini ya kaya kwa kaya, nje ya utaratibu wa malalamiko ya ulinzi, hivi kwamba familia moja ingeweza kuwa na madai mawili kwa kampuni moja, la risasi na la tope, yakisikilizwa na watu tofauti kwa vigezo tofauti. Januari 2025 Petra ilitangaza makubaliano ya kuuza hisa zake za Mwadui kwa kampuni ya Kitanzania. Kampuni mama inapoacha kuwa ya London, hoja iliyowapeleka walalamikaji wa Maganzo katika mahakama ya Uingereza haitapatikana kwa tukio litakalotokea baada ya hapo, na ahadi za mwaka 2021 zinabaki kuwa na nguvu kwa kadiri zilivyoandikwa katika mikataba ya mauzo na kwa kadiri mmiliki mpya anavyozitambua. Wakati huohuo kuingia eneo la mgodi bila kibali bado ni kosa la jinai, na kijana anayepandishwa kizimbani Kishapu kwa kosa hilo, kwa kuwa halimo katika makosa makubwa yanayomhakikishia wakili wa kulipwa na serikali, kwa kawaida hujibu shtaka mwenyewe.